Guglielmo Marconi: Cheche ya darini iliyovuka bahari ikaingia vitani

FUNDI wa pikipiki mjini Ukunda akitaka kujua kama koili ya bodaboda ingali hai, huchomoa plagi, akaiegemeza kwenye chuma cha injini na kukanyaga kiki. Cheche ya samawati ikiruka kwenye ncha ya plagi, anajua hitilafu iko kwingine. Isiporuka, mwenye pikipiki ajiandae kununua koili. Ni jambo la sekunde mbili, nalo hufanyika kila siku kando ya barabara itokayo Likoni hadi Lungalunga, kupitia Diani, Gazi na Msambweni, bila ya yeyote kulistaajabia.

Cheche ya namna hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi kijana wa miaka 20 katika nyumba ya shamba karibu na mji wa Bologna, Italia, mwaka 1894. Kijana huyo aliitwa Guglielmo Marconi. Miaka 20 baadaye mbinu yake, pamoja na zile za wapinzani wake, ilikuwa imekwisha kufika katika maji ya Afrika Mashariki, na kazi yake ya kwanza kubwa huku kwetu ilikuwa ni kuelekeza mizinga. Miaka mingine 20 ikapita, naye mwenyewe, akiwa amejaa nishani na heshima, akasimama kutetea vita vya nchi yake dhidi ya Ethiopia.

Marconi alizaliwa Bologna tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba, mtu wa kuhesabu senti, na hakuona faida ya mwanawe kucheza na nyaya. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa binti wa Ireland kutoka ukoo wa Jameson uliosifika kwa kutengeneza wiski. Mama ndiye aliyempa mtoto lugha ya Kiingereza, subira na, ilipofika wakati wake, jamaa wenye fedha na majina jijini London. Wanaopenda kumsimulia Marconi kama kijana aliyetoka patupu husahau upande huo wa ujombani.

Shuleni hakung'ara. Hakuingia chuo kikuu. Alijifunza fizikia kwa mwalimu wa faragha, na baadaye Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, aliyekuwa jirani, akamruhusu kuhudhuria mihadhara na kutazama vifaa vyake. Righi alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokuwa wakifuatilia kazi ya Mjerumani Heinrich Hertz, aliyefariki Januari 1894 akiwa na miaka 36 tu. Kati ya 1887 na 1888, katika mji wa Karlsruhe, Hertz alionyesha kwamba cheche ikiruka upande mmoja wa chumba, cheche nyingine ndogo mno huonekana katika pete ya waya iliyo upande wa pili, bila ya kitu chochote kuziunganisha. Lile ambalo Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa amelikokotoa kwa hesabu zaidi ya miaka 20 kabla, yaani kuwapo kwa mawimbi ya umeme na sumaku yanayosafiri kwa kasi ya mwanga, likawa limethibitishwa.

Hertz hakuona matumizi yoyote ya jambo hilo. Marconi, akisoma habari za marehemu huyo alipokuwa mapumzikoni milimani, aliyaona mara moja. Aliporudi nyumbani alijifungia darini, juu kabisa ya nyumba ya Villa Griffone, akaanza kuunda.

Ni vyema msomaji akajua alichokuwa akikiunda, maana ndicho kiini cha kisa chote. Koili ya volti za juu ina fungu la nyaya za chuma katikati. Juu yake huzungushwa waya mnene wa shaba mara chache, na juu ya huo, waya mwembamba kama uzi huzungushwa maelfu ya mara, tabaka kwa tabaka, yakitenganishwa kwa karatasi na nta. Betri hupeleka umeme katika waya mnene. Kikatizi, kidude kinachotikisika kama cha kengele ya mlango, huukata umeme huo na kuuwasha mara nyingi kwa sekunde. Kila unapokatwa, nguvu ya sumaku iliyojengeka ndani ya chuma huporomoka ghafla, na katika waya mwembamba huzuka msukumo wa maelfu ya volti. Msukumo huo hupelekwa kwenye mipira miwili ya shaba inayotazamana, na hapo katikati ndipo penye pengo la cheche.

Ugumu wote umo katika pengo hilo. Hewa kavu huvumilia takriban volti 30,000 kwa kila sentimita kabla ya kusalimu amri. Pengo likiwa finyu mno, umeme huruka kabla haujakusanya nguvu na wimbi linalotoka huwa dhaifu. Likiwa pana mno, hakuna kinachoruka, na msukumo hutafuta njia nyingine, pengine kwa kutoboa karatasi na nta ndani ya koili yenyewe, ikawa kazi ya siku nyingi ya kuzungusha waya imeharibika papo hapo. Pengo likipata joto, cheche hugeuka kuwa moto unaowaka mfululizo. Kwa jicho huo ni mwanga mkubwa zaidi, lakini kwa mawimbi hauna faida, kwa sababu wimbi huhitaji umeme uruke, ukatike, kisha uruke tena. Mipira nayo huliwa na kuchimbika, ikabidi kusuguliwa kila mara. Righi alitumia mipira minne, miwili ya kati ikiwa na mafuta baina yake ili cheche iwe kali zaidi, na Marconi alianza kwa kumwiga. Tena si mchezo wa mtoto: volti za namna hiyo, zikiungana na kifaa cha kuhifadhi umeme, zaweza kuusimamisha moyo wa mtu mzima mwenye afya.

Upande wa kupokea alitumia kijineli cha kioo kilichotiwa unga wa madini. Wimbi likifika, chembe za unga hushikana na kupitisha umeme, kisha kinyundo kidogo hukigonga kioo ili chembe ziachane, tayari kwa wimbi jingine. Kifaa hicho hakikuwa chake. Mfaransa Édouard Branly na Mwingereza Oliver Lodge walikuwa wamekwisha kukifanyia kazi. Alichofanya Marconi ni kukijaribu kwa unga wa kila aina hadi akaridhika na mchanganyiko wa nikeli nyingi na fedha kidogo. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alimwamsha mama yake, akamkokota hadi darini, na kumwonyesha kengele ikilia upande wa pili wa chumba pindi alipobonyeza swichi.

Mwaka 1895 alitoka nje. Hapo ndipo alipopata lile ambalo maprofesa wote hawakulipata: aliunganisha upande mmoja wa pengo na bamba la chuma lililofukiwa ardhini, na upande wa pili na waya uliopandishwa juu ya nguzo. Umbali uliokuwa wa mita ukawa wa kilomita. Kaka yake Alfonso alitumwa nyuma ya kilima akiwa na kipokezi na bunduki, na mlio wa risasi ukawa ndio jibu kwamba ishara imefika. Wimbi lilikuwa limekwenda zaidi ya kilomita mbili na kukivuka kilima.

Februari 1896 mama na mwana walihamia London. Tarehe 2 Juni mwaka huo Marconi aliwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, la kwanza duniani kuhusu simu ya upepo. William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, alimkumbatia na kumfungulia milango ya jeshi. Mei 1897 ishara zilivuka maji ya Mlango wa Bristol. Miezi miwili baadaye kampuni ilianzishwa, na Preece akaachwa kwenye mataa. Machi 1899 ishara zikavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza.

Afrika iliisikia cheche hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Vita vya Uingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899, kampuni ya Marconi ilipeleka mitambo na mafundi Afrika Kusini. Nchi kavu mitambo ilishindwa vibaya: nguzo zilikosekana, na tiara za kunyanyulia nyaya zilitegemea upepo usiotabirika. Mwaka 1900 mitambo ikakabidhiwa jeshi la majini, ikafungwa katika manowari zilizokuwa zikilinda ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo. Huko, juu ya maji ya chumvi yanayopitisha umeme vizuri na milingoti mirefu ya meli, ilifanya kazi. Bahari ya Hindi ikawa miongoni mwa bahari za mwanzo kuona simu ya upepo ikitumika vitani.

Tukio lililomfanya Marconi awe jina la kila nyumba lilitokea tarehe 12 Desemba 1901. Akiwa kilimani St John's, Newfoundland, na waya ukining'inia kwenye tiara katika dhoruba, alisema amesikia nukta tatu za herufi S zikitoka Poldhu, Uingereza, umbali wa takriban kilomita 3,400. Shahidi alikuwa mmoja tu, msaidizi wake George Kemp. Wapo wataalamu ambao hadi leo wanashuku kama kweli kilichosikika kilikuwa ishara au mikwaruzo ya hewa. Lisilo na shaka ni kwamba mtambo wa Poldhu haukusanifiwa na Marconi, bali na Profesa John Ambrose Fleming, aliyeipanga koili na mapengo ya cheche kwa hatua mbili ili kuongeza nguvu. Sifa hazikumfikia.

Hali hiyo ilijirudia katika maisha yake yote. Jagadish Chandra Bose wa Calcutta, Alexander Popov wa Urusi, Lodge wa Uingereza na Nikola Tesla, mzaliwa wa Milki ya Austria aliyehamia Marekani, kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilitenga pengo la cheche na antena, akaviunganisha kwa koili, na kwa njia hiyo wimbi likawa safi na lenye nguvu zaidi. Kamati ya Nobel ililitambua hilo mwaka 1909, ikamgawia Braun nusu ya tuzo ya fizikia. Kipaji cha Marconi hakikuwa cha kugundua. Kilikuwa cha kuunganisha vya wengine, kuvijaribu bila kuchoka, na kuvifungia ndani ya hataza kabla wenyewe hawajaamka.

Isidhaniwe kwamba hakustahili sifa ya ufundi. Katika kituo cha Clifden, Ireland, kilichofunguliwa kwa biashara mwaka 1907, alitumia gurudumu lenye vijiti vya chuma lililozunguka kwa kasi kati ya ncha mbili. Kila kijiti kilipopita, cheche iliruka, kilipoondoka, ilikatika. Moto wa mfululizo ukawa umedhibitiwa, na badala ya mkwaruzo, msikilizaji akapata sauti ya mlio kama wa filimbi, rahisi kuitofautisha na ngurumo za radi. Aprili 1912 meli ya Titanic ilipozama, mafundi wawili wa kampuni yake, Jack Phillips na Harold Bride, waliendelea kuita msaada hadi karibu na mwisho. Zaidi ya watu 700 waliokolewa. Phillips hakuwa miongoni mwao.

Mwaka huohuo jina la Marconi liliingia katika mipango ya nchi hii. Serikali ya Uingereza ilikubaliana na kampuni yake kujenga mnyororo wa vituo vya kuunganisha milki yake: Uingereza, Misri, Himaya ya Afrika Mashariki kama Kenya ilivyoitwa kabla ya 1920, Afrika Kusini, India na Singapore. Ikafichuka kwamba mawaziri, akiwamo Mwanasheria Mkuu Rufus Isaacs, walikuwa wamenunua hisa za kampuni dada ya Marconi ya Marekani. Mkurugenzi wa kampuni ya Marconi alikuwa ndugu yake Isaacs, Godfrey. Bunge lilichemka, mawaziri wakanusurika, na vita vya 1914 vikauvunja mpango wenyewe. Wakazi wa himaya hiyo hawakuulizwa lolote, wala pwani ambayo kisheria ilikuwa bado ya Sultani wa Zanzibar.

Vita hivyo ndivyo vilivyoileta cheche mlangoni. Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, Astraea, ilikilenga kwa mizinga. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imekwisha kutoka bandarini. Tarehe 20 Septemba iliishambulia meli ya kivita Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar na kuizamisha, kisha ikatoweka.

Katika majuma hayo, vikosi vya Wajerumani vilivuka mpaka upande wa Vanga na kusonga kaskazini kando ya bahari. Waliokuwa wakiwakabili ni askari wa King's African Rifles na kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoongozwa na Arthur Wavell, wakarudi nyuma hadi Gazi. Tarehe 7 Oktoba 1914 mapigano makali yalifanyika hapo Gazi, na Wajerumani wakarudishwa. Mombasa ikapona. Vita viliendelea Jasin, ng'ambo kidogo ya mpaka, Januari 1915, na Wavell mwenyewe akauawa Mwele, bara ya Kwale, Januari 1916.

Wakati watu wakiuana kwenye minazi na mikoko, mazungumzo ya namna nyingine yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyao. Manowari za Uingereza zilizunguka kati ya Mombasa na Rufiji zikitega masikio. Tatizo la mtambo wa cheche ni kwamba hausemi na mtu mmoja. Wimbi lake hutawanyika kote na huonekana kwenye kila kipokezi kilicho karibu. Königsberg ilipojificha katika mikono ya mto Rufiji, ilibidi inyamaze pia. Aprili 1915 meli ya shehena iliyotumwa kutoka Ujerumani kuisaidia ilinaswa na manowari Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, si mbali na Vanga.

Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliimaliza Königsberg. Meli mbili, Severn na Mersey, ziliingia mtoni lakini hazikuweza kuiona shabaha nyuma ya mikoko. Ndege iliyopaa kutoka kisiwa cha Mafia ndiyo iliyokuwa jicho lao, ikituma kwa cheche herufi za kueleza kila kombora lilipoangukia. Ndege ilipigwa ikaanza kushuka, na aliyekuwa akituma hakuacha. Alisahihisha shabaha hadi dakika za mwisho kabla ya kuangukia majini. Huenda hakuna mahali pengine katika vita hivyo ambapo uvumbuzi wa kule darini ulifanya kazi yake kwa ukamilifu namna hiyo. Nchi kavu, vita hivyohivyo vilibebwa vichwani. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi, wakisafirisha risasi na unga ambao hakuna wimbi lingeweza kuusafirisha.

Baada ya vita, pengo la cheche lilianza kuzeeka. Taa za utupu, zilizotokana na uvumbuzi wa Fleming yuleyule, zilitoa wimbi laini lisilokatika, lenye uwezo wa kubeba sauti ya mtu. Cheche ilichafua masafa yote kwa kelele, na mikataba ya kimataifa ikaanza kuipiga marufuku. Leo anayerusha mtambo kama ule hewani anavunja sheria. Marconi hakuililia. Aligeukia mawimbi mafupi, akaishi zaidi ndani ya meli yake Elettra iliyojaa mitambo. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928. Mwaka uliofuata biashara yake ya simu iliunganishwa na ile ya nyaya za chini ya bahari, na kampuni iliyotokana na muungano huo, Cable and Wireless, ndiyo iliyoendesha redio ya Kenya kwa miaka mingi hadi shirika la utangazaji la serikali lilipoundwa mwaka 1959.

Nyumbani, Marconi alikuwa amechagua upande. Alijiunga na chama cha Kifashisti mwaka 1923, na mwaka 1930 Benito Mussolini akamfanya rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia. Nyaraka zilizochunguzwa miongo mingi baadaye zimeonyesha kwamba majina ya wasomi Wayahudi waliopendekezwa kuingia Akademia yalitiwa alama, na hakuna Myahudi aliyeingizwa katika kipindi chake.

Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Ndege zake zilimwaga sumu ya gesi juu ya askari na raia. Marconi, aliyekuwa na umri wa miaka 61 na moyo dhaifu, alizunguka nchi za nje akieleza haki ya Italia. Aliomba kuzungumza kupitia BBC jijini London, akakataliwa. Mtu aliyeipa dunia njia ya kusema bila waya akajikuta amefungiwa kipaza sauti, na ni vigumu kumwonea huruma. Mfalme Haile Selassie alikimbilia uhamishoni Mei 1936. Maelfu ya Waethiopia walivuka mpaka kuingia Kenya, wakawekwa katika kambi za Isiolo na Taveta.

Marconi alifariki mjini Roma tarehe 20 Julai 1937. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili. Juni 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha vipengele muhimu vya hataza yake ya mwaka 1904, kwa kuwa Lodge, Tesla na John Stone Stone walikuwa wamemtangulia. Tesla alikuwa amekufa Januari ya mwaka huo, peke yake, katika chumba cha hoteli jijini New York.

Haile Selassie alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, baada ya majeshi yaliyokuwa na askari wengi kutoka Kenya kuwashinda Waitalia. Oktoba mwaka huohuo kaburi jipya la Marconi lilizinduliwa chini ya kilima huko Villa Griffone, hatua chache kutoka chumba cha darini.